Mashine ya boti 40 inazima nikifungua mafuta, sailensi iko poa. Wadau wa ziwani naombeni msaada

Mtoto wa Kibirizi

Mwakeye wakuu, na mlio mbali na ziwa habari zenu.

Nina boti la mbao la dagaa, nafungia Yamaha Enduro 40 (nguvu ya farasi 40), tu-stroki, ya kuvuta kamba. Mashine imenilisha miaka mingi sina ugomvi nayo. Sasa Ziwa Tanganyika letu huku Kigoma lilipofungwa tusivue, 15 Mei 2024 mpaka 15 Agosti mimi nikaishusha nikaiweka stoo nyumbani, nikaifunika na turubai basi, sikuigusa tena. Siku ya kufunguliwa kila mtu anakimbilia maji na mimi nimo, nimeiwasha kwenye pipa pale nyumbani imewaka mkamba wa tatu tu, inanguruma vizuri nikasema alhamdulillah.

Kufika ziwani ndo vituko. Sailensi, yaani ikinguruma tu bila kufungua mafuta, inakaa hata nusu saa haina shida. Ukiingiza gia inaenda mwendo wa kobe poa. Ukifungua mafuta kwa ghafla inafanya kama imekabwa koo, bwuuu, inazima. Ukifungua polepole kwa kubembeleza inapanda, boti linanyanyua pua, mnafurahi, halafu kama ukihesabu mpaka kumi na tano hivi inaanza kuzama sauti taratiiibu mpaka inakufa. Ukivuta kamba inawaka tena kama haijafanya kitu.

Nimeshabadilisha plagi zote mbili. Fundi wa hapa beach kaja kaangalia dakika tano kasema kabureta imekufa ninunue mpya, bei aliyonitajia sitaki hata kuiandika hapa maana mke wangu anapita humu. Kabla sijauza mbuzi naomba mawazo, giza linaingia wiki ijayo (siku zisizo na mbalamwezi, ndo za dagaa) na vijana wangu wanne wananiangalia mimi.

Bangwe boy

Pole kaka. Hiyo ni CDI hiyo, kile kiboksi cha umeme wa plagi, mimi yangu ilifanya hivyohivyo nikabadilisha ikapona. Kama huna hela toa filta kabisa mafuta yapite kwa uhuru, na kwenye petroli weka mafuta ya taa kidogo inasafisha njia.

nahodha mstaafu

Bangwe boy mjukuu wangu kwa heshima zote usimwue mwenzio. Mashine za kutumia mafuta ya taa zipo, zimetengenezwa hivyo tangu kiwandani, na hata hizo zinawashwa kwa petroli kwanza zikipata moto ndo unahamishia mafuta ya taa. Ya huyu kijana si hiyo. Na kutoa filta ni kukaribisha mchanga ndani ya kabureta. Dumu zetu hizi unazijua, zina kila kitu ndani isipokuwa samaki.

Kijana nikuulize swali moja la kizamani. Inapozima, inakatika pap kama mtu kazima swichi, au inalegea inazama kama taa ya karabai iliyoishiwa upepo?

Mtoto wa Kibirizi

Shikamoo mzee. Ya karabai kabisa, inazama. Ila ile ya kufungua ghafla inazima hapohapo, inakohoa mara moja tu.

nahodha mstaafu

Marahaba. Basi achana na umeme kwanza. Umeme ukikatika haubembelezi, unakata. CDI na koili na waya wa swichi ya kuzimia huwa mashine inakufa pap, au inamisi silinda moja unasikia kabisa inatetemeka upande. Inayozama taratibu imekosa chakula. Ngoja mafundi waje.

fundi_kabureta

Mzee kamaliza nusu ya kazi, heshima yako mzee.

Mtoa mada una magonjwa mawili siyo moja ndo maana inakuchanganya wewe na huyo fundi wa dakika tano. Nakuelezea uelewe maana ukielewa hii hutaliwa hela tena.

Kabureta ina kibakuli chake chini kinahifadhi petroli kidogo. Ukiwa sailensi mashine inakunywa kwa kupitia jeti ndogo (jeti ni kipande cha shaba chenye tundu la kupitisha petroli), matone tu, hata kama njia ya kutoka kwenye tenki ina matatizo kibakuli kinajaa tu taratibu na wewe hujui. Ukifungua yote mashine ya 40 tu-stroki inakunywa kama lita 15 mpaka 20 kwa saa. Sasa kama tenki halileti kwa kasi hiyo, mashine inakula akiba ya kwenye kibakuli, inakimbia vizuri sekunde kadhaa, akiba ikiisha inazama. Hizo kumi na tano zako unazohesabu ndo kibakuli kinaisha hivyo. Huo ugonjwa uko NJE ya kabureta. Ni tenki, paipu, kile kipampu cha mkono cha kubonyeza, filta, au pampu ya mafuta iliyofungwa ubavuni mwa mashine.

Ile ya kuzima hapohapo ukifungua ghafla ni kitu kingine, kibakuli kimejaa lakini petroli haipandi kwenye jeti kubwa. Umeiacha miezi mitatu na mafuta ndani eeh? Usiniambie hapana.

Kabla ya kununua hata nati fanya hivi. Nenda ziwani na mtu, karibu na ufukwe, usielekee Kongo, vaeni maboya na makasia yawemo. Yeye ashike usukani wewe piga magoti pale kwenye tenki ushike kipampu mkononi. Afungue mafuta polepole mpaka mwisho. Sikilizia mkononi. Kipampu kikijinyonya kikawa bapa kama chapati, kizuizi kiko NYUMA yake, yaani upande wa tenki. Kikibaki na umbo lake na mashine inazama, anza kukibonyeza kwa nguvu wakati inazama, ikifufuka basi pampu ya mashine haivuti au kuna mahali inavuta hewa. Ukibonyeza na bado inazama, tatizo liko mbele, filta ya mashine au kabureta.

Kingine akiwa anafungua vuta choki nusu. Mashine ikipata nguvu kwa choki maana yake ilikuwa na njaa ya petroli.

Na tafadhali usiilazimishe kukimbia ikiwa inazama, nasema hili kwa uchungu. Tu-stroki oili yake inakuja ndani ya petroli. Ikikosa petroli imekosa na oili, pistoni inapata moto inakwaruza silinda inajam, hapo sasa utauza mbuzi na zizi lake.

Mama Dagaa

Na mfuniko wa tenki jamani! Ule una kitundu cha hewa cha kufungua na kufunga. Mimi nina boti mbili zinatoka Buhingu, kijana wangu alifunga kile kitundu kwa kuogopa mawimbi yasiingize maji, akasahau. Tukalala ziwani usiku mzima na mashine nzima kabisa, asubuhi akaja mtu akazungusha mfuniko ikasikika fyuuu, mashine ikapona. Fyuuu hiyo nimelipia usiku mzima wa dagaa.

Bangwe boy

Mzee nimekuelewa naomba radhi. Ila CDI yangu kweli ilikuwa imekufa lol

nahodha mstaafu

Nakuamini. Ila ugonjwa wako si ugonjwa wake.

Mtoto wa Kibirizi

Nimerudi wakuu. Jana jioni upepo ulipotulia tumetoka na mdogo wangu. Nimepiga magoti kama fundi alivyosema, kafungua polepole, mwanzo kipampu kigumu, boti likanyanyuka, nikahesabu, kufika kumi hivi nikasikia kinalegea, halafu kikajinyonya mkononi mwangu kikawa BAPA. Nimeshtuka kama nimeshika chura. Mashine ikazama ikafa.

Nikasema ni mfuniko, nimeufungua wote kabisa, tukarudia, bapa tena. Nikavuta choki nusu, ile ya kufungua ghafla haikuzima safari hii, ilikohoa ikachukua.

Sasa nyuma ya kipampu kuna kipande cha paipu kama futi nne na kile kinyonyeo cha ndani ya tenki. Kinyonyeo nimekitoa kina kichujio kidogo kilikuwa na uchafu kiasi nimekiosha. Bado. Paipu ukiitazama ni nzima, haina ufa, laini, nyeusi inang'aa, nimeinunua mwaka jana tu dukani mjini wakaniambia ni ya mafuta.

fundi_kabureta

Paipu inayong'aa nje ndo ya kuogopa. Kata.

Mtoto wa Kibirizi

Niikate kweli?? nauliza kwa sababu ndo niliyonayo

fundi_kabureta

Kata kwa wembe kwa urefu kama unapasua samaki. Kama ni nzima nakurudishia hela yako kwa M-Pesa mbele ya mashahidi wote hawa.

Mama Dagaa

Sisi mashahidi tupo tumekaa.

Mtoto wa Kibirizi

Aisee.

Nimeipasua. Paipu ina ngozi mbili, ya nje nene na ya ndani nyembamba. Ya ndani imebanduka kutoka kwenye ya nje kama ganda la kitunguu, sehemu kama inchi tatu hivi inaning'inia. Kwa hiyo ukiwa sailensi petroli inapita pembeni ya hilo ganda, ukifungua yote mvuto unakuwa mkubwa ganda linavutwa linaziba njia, mashine ikizima linarudi mahali pake. Ndo maana kila nikivuta kamba inawaka kama haijafanya kitu. Nimekaa na huo mpasuko mkononi nacheka mwenyewe, mke wangu kaniuliza kuna nini nikamwambia nimeokoa mbuzi.

Nimeweka paipu nyingine nene ya petroli na klipu mpya pande zote. Leo asubuhi nimejaribu kutoka Kibirizi kuelekea Mtanga, imekimbia yote bila kuzama, kipampu kigumu muda wote. Ila ile ya kufungua ghafla bado ipo, inakohoa, mara mbili imezima. Hapo fundi umenipata, mafuta niliacha ndani ya kabureta.

fundi_kabureta

Sasa M-Pesa yangu iko salama tuendelee.

Petroli ikikaa muda mrefu sehemu nyepesi inapaa, inabaki oili na utomvu. Fungua kile kibakuli cha kabureta, skrubu zake ziko chini, weka sahani chini maana zikidondoka majini hazirudi, hii kazi fanya nchi kavu, na petroli ikiwa wazi usiwe na sigara wala jiko karibu. Utakuta nini uje utuambie.

Jeti zitoe na bisibisi inayolingana na mfereji wake, ikicheza inakula shaba. Ziloweke kwenye petroli safi au dawa ya kabureta usiku mzima. Kisha zielekeze kwenye jua uchungulie, tundu lazima uone duara safi kama mwezi. USIPITISHE SINDANO WALA WAYA WA BREKI. Jeti ni shaba laini na tundu lake limepimwa, ukilipanua kidogo tu mashine itakunywa petroli kama harusi na hutajua kwa nini. Wewe mvuvi una dawa nyumbani, chukua mshipi mwembamba wa nailoni, kata ncha mshazari, pitisha huo. Ukimaliza puliza kwa pampu ya upepo kila njia, usipulize lile boya dogo la ndani ya kibakuli likiwa limefungwa utaliharibu.

Ukiwa umeshafungua angalia na ile pampu ya mafuta ubavuni. Ndani kuna kiwambo chembamba kama karatasi ya plastiki, kinavutwa na kusukumwa na pumzi ya ndani ya mashine yenyewe, hakina umeme wowote. Kielekeze kwenye mwanga, ukiona kitundu hata cha ncha ya pini au kimekakamaa, badilisha.

Na hizo plagi ulizotoa usitupe, zina rangi gani?

Mtoto wa Kibirizi

Nyeupenyeupe fundi, kama majivu. Nilidhani ndo safi.

fundi_kabureta

Nyeupe siyo usafi ni njaa, mashine ilikuwa inapata moto. Rangi nzuri ni ya kahawa yenye maziwa. Nyeusi yenye unyevu ni oili nyingi au petroli nyingi. Umewahi kidogo hapo, ungeilazimisha wiki moja tu tungekuwa tunaongea pistoni. Oili unapima vipi?

Mtoto wa Kibirizi

Kikombe kimoja cha chai kwa dumu. Ndo tulivyorithi.

nahodha mstaafu

Kikombe cha nani? Kikombe cha kwangu na cha shemeji yako havifanani.

fundi_kabureta

Hahaha. 50 kwa 1, dumu la lita 20 unaweka mililita 400, chupa ya maji ya kunywa ya nusu lita haijajaa. Oili iwe ya mashine za boti yenye alama TC-W3, siyo ya pikipiki wala ya gari, na siyo ile iliyotolewa kwenye fuso. Mashine mpya ndo inapewa 25 kwa 1 wakati wa kuizoesha. Changanya kwenye dumu utikise kwanza ndipo umimine kwenye tenki.

Na petroli ya kununua barabarani iache itulie kwenye chupa nyeupe usiku. Maji yanakaa chini utayaona kama jicho la samaki linatembea. Bora uyaone kwenye chupa.

Mama Dagaa

Hii ya chupa mimi nafanya kila mzigo. Kuna siku nilipata vidole viwili vya maji kwenye chupa moja, muuzaji kaniambia ni umande. Umande wa kiangazi!

Mtoto wa Kibirizi

Mrejesho. Kibakuli nimekifungua leo, chini kuna kitu cha kijani kahawia kimeganda kama asali ya mzinga wa zamani, kinanuka kama rangi ya kupaka milango. Jeti ndogo ilikuwa inaona mwanga, jeti kubwa nimeielekeza kwenye jua naona nusu mwezi tu, pembeni pamejenga. Nimeloweka usiku, asubuhi mshipi, nimetoa uchafu mwembamba kama nywele, nikachungulia tena, duara. Nimefurahi kuona lile duara kuliko nilivyofurahi kuona namba zangu za fomu foo.

Kiwambo cha pampu kizima ila gasiketi yake imekauka, nimeagiza nyingine mjini.

Nimefunga, nimechanganya mafuta kwa chupa siyo kikombe, tumeingia majini saa kumi. Nimefungua ghafla, kwa makusudi, kama mtu mwenye hasira. Imechukua. Mdogo wangu alikuwa amesimama kaangukia nyavu. Tumeenda mpaka Mwamgongo tumerudi, plagi nimezitoa zinaanza kugeuka rangi.

Fundi Mungu akubariki, ukipita Kibirizi ulizia migebuka kwangu.

fundi_kabureta

Amina, migebuka naikubali mapema. Ziwa likifungwa tena usirudie. Ukiwa kwenye pipa na mashine inawaka, chomoa paipu iache izime yenyewe imalize petroli ya kwenye kibakuli, halafu tenki nalo limwage, petroli iliyobaki humo uitumie kwingine. Iwe kwenye maji lakini, ukiiwasha kavu pangaboi la pampu ya maji linaungua dakika chache tu.

Mnyamwezi wa Igombe

Samahanini wakuu mimi niko Tabora sina ziwa nina bwawa, tena bwawa siyo langu. Nina pampu ya petroli ya kumwagilia mchicha, ni foo-stroki yenye tenki juu kwa hiyo haina kipampu cha mkono. Inawaka vizuri inavuta maji dakika kumi hivi halafu inazama vilevile kama karabai ya mzee. Nikiiacha ikapumzika inawaka tena. Nimesoma uzi wote nimeshindwa kujizuia.

Bangwe boy

CDI

Mama Dagaa

Wewe Bangwe boy!! Kaka wa Tabora, mfuniko. Ikianza kuzama legeza mfuniko wa tenki usikilize.

Mnyamwezi wa Igombe

Mama nimetoka shambani sasa hivi. Fyuuu imesikika mpaka kwa jirani, mashine ikanyanyuka hapohapo. Kwa hiyo niendelee kumwagilia mfuniko ukiwa umelegea?

fundi_kabureta

Hapana kaka, inatetemeka ile, petroli itamwagikia ekzosi na mchicha utaungua na wewe. Geuza mfuniko uangalie kwa ndani kuna kitundu kidogo, kimezibwa na vumbi na petroli iliyokauka. Kwa hicho kitundu sindano ruksa.